Mwenye daftari hana mzigo: Seva zinazoratibu kugawana mafaili

NA MWANDISHI WETU

ASUBUHI ya Jumatano, Mei 31, 2006, polisi wa Sweden wapatao 65 walivamia vyumba vya kutunzia kompyuta jijini Stockholm. Walikuwa wakiisaka The Pirate Bay, tovuti ambayo kampuni za filamu na muziki za Marekani zilikuwa zimeilalamikia kwa muda mrefu kwamba inawanyang'anya wasanii jasho lao.

Walichomoa nyaya, wakabeba seva. Walizoa hata za wateja wengine waliokuwa wamepanga vyumba hivyo hivyo, watu wasiohusika kabisa na kesi hiyo.

Ndani ya mashine za The Pirate Bay hapakuwa na filamu hata moja, wala wimbo. Palikuwa na orodha: nani ana nini, na anapatikana wapi. Filamu zenyewe zilikuwa zimetawanyika kwenye kompyuta za watu majumbani, katika nchi ambazo polisi wa Stockholm hawakuwa na mamlaka nazo. Siku tatu baadaye tovuti ilikuwa hewani tena.

Makala haya yanahusu orodha hiyo na mashine inayoitunza. Mashine ya aina ile ile iliyobebwa na polisi mwaka 2006 ndiyo inayotumika leo kugawa mifumo endeshi ya bure, vitabu vya maktaba na takwimu za watafiti. Mzozo kuhusu nani awajibike kwa kinachopita kati ya watu ambao mashine hiyo imewakutanisha haujamalizika.

Balozi na daftari lake

Tanzania tunao mabalozi wa nyumba kumi. Mgeni akishuka stendi akiulizia kwa fundi cherehani fulani, wenyeji humwambia, "Kamuulize balozi." Balozi hashoni nguo. Hana kitambaa wala cherehani. Anachojua ni nani anakaa wapi, kwa kuwa anayehamia hupita kwake kujiandikisha. Akishamwelekeza mgeni, yaliyobaki ni ya mgeni na fundi.

Seva inayoratibu kugawana mafaili hufanya kazi hiyo hiyo. Wanaoitumia huiita traka. Kwa kawaida, ukitaka faili kwenye intaneti unakwenda kwa seva iliyolihifadhi, nayo inakutumia lote. Katika utaratibu huu mwingine, faili liko kwenye kompyuta za watu waliokwisha kulipakua, nao wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Traka hailigusi faili. Inawakutanisha watu wasiojuana.

Wiki hii nilikaa na kompyuta yangu nikaitazama kazi hiyo ikifanyika. Nilichagua Debian, mfumo endeshi wa bure ambao wenyewe wanautoa kwa njia hii, hivyo hakuna haki ya mtu inayovunjwa.

Kwanza unapakua faili dogo la torrenti. Humo hamna Debian. Mna anwani ya traka inayoendeshwa na Debian wenyewe, mlango namba 6969, na mna orodha ndefu ya mihuri. Faili kubwa hukatwa vipande, mara nyingi vya kilobaiti 256, na kila kipande kina muhuri wake wa baiti 20 uliokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Faili la gigabaiti 4 hutoa vipande 16,384. Ikibadilika herufi moja ndani ya kipande, muhuri haulingani tena, na kompyuta hukitupa ikakiomba kwingine. Ndiyo sababu unaweza kupokea vipande kutoka kwa watu usiowajua, mmoja yuko Brazil, mwingine Poland, na bado ukapata faili lililo sahihi hadi herufi ya mwisho.

Kisha kompyuta ikapiga hodi kwa traka. Ujumbe wake ni mfupi. Ukiuweka kwa Kiswahili unasomeka hivi: Nataka faili lenye muhuri huu. Jina langu ni hili. Mlango wangu ni huu. Nimetoa sifuri, nimepokea sifuri, nimebakiza lote. Ndiyo kwanza naanza.

Traka hujibu kwa mambo mawili. Inakwambia ukae muda gani kabla ya kurudi kupiga hodi, mara nyingi nusu saa, kisha inakupa majirani. Kila jirani huandikwa kwa baiti sita tu: nne za anwani yake, mbili za namba ya mlango. Majirani 50, idadi ambayo kwa kawaida hutolewa kwa mara moja, ni baiti 300. Meseji moja ya simu hubeba herufi 160.

> Majirani 50 kwa baiti 300: orodha nzima ni kama urefu wa meseji mbili za simu.

Baada ya hapo traka ikakaa pembeni. Kompyuta yangu iliwaendea majirani, kila mmoja akasema ana vipande vipi, na vipande vikaanza kuingia, vya mwisho kabla ya vya kwanza, vya katikati kabla ya vyote. Faili lilipokamilika, kompyuta ilituma neno kwa traka: nimemaliza. Nilipofunga programu ikatuma jingine: naondoka. Kwa taarifa hizo ndogondogo daftari la balozi hubaki na wakazi waliopo, wala si waliohama.

Somo la Napster

Haikuanza hivi. Juni 1999, Shawn Fanning, kijana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, alitoa programu iliyoitwa Napster. Kila aliyeifungua alipeleka kwenye seva za Napster majina ya nyimbo zote zilizokuwa kwenye kompyuta yake. Ukitafuta wimbo, seva ilipekua orodha hiyo moja kubwa ikakuonyesha nani anao, kisha ukauchukua kwake. Februari 2001 Napster ilikuwa na watumiaji takriban milioni 26.

Kampuni za kurekodi muziki zilikuwa zimeshakwenda mahakamani California tangu Desemba 1999. Napster ilijitetea kwamba haihifadhi wimbo wowote. Jaji Marilyn Hall Patel hakukubali, na Februari 12, 2001 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ikaunga mkono sehemu kubwa ya msimamo wake: Napster ilijua kinachoendelea, na kwa kuwa orodha nzima ilikuwa mikononi mwake, ilikuwa na uwezo wa kukizuia. Julai 2001 seva zikazimwa.

Nyimbo hazikuondoka. Zilibaki kwenye mamilioni ya kompyuta zile zile, ila hakuna aliyeweza tena kujua ziko kwa nani.

Wapo waliojaribu kuishi bila orodha kabisa. Gnutella, iliyotolewa Machi 2000, ilifanya kila kompyuta iulize jirani, jirani amuulize jirani yake, swali lisambae mtaa mzima. Watu walipoongezeka, mtandao ulijaa maswali kuliko majibu.

Mwezi ule ule Napster ilipozimwa, Julai 2, 2001, Mmarekani Bram Cohen alitoa toleo la kwanza la BitTorrent. Aligawanya mambo ambayo Napster iliyabeba pamoja. Kutafuta faili si kazi ya traka. Faili dogo la torrenti utalipata popote lilipowekwa. Traka haihitaji kujua hata jina la faili. Kwake kila faili ni muhuri tu, namba ya baiti 20, na chini ya namba hiyo orodha ya anwani. Balozi wa Cohen hajui fundi anashona nini.

Nipe nikupe

Jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika kazi ya Cohen ni namna alivyoukabili uchoyo. Mifumo iliyotangulia ilijaa watu wa kuchukua bila kutoa, wale ambao wazoefu huwaita ruba. Cohen hakuipa traka rungu la kuwachapa. Aliwaachia majirani wenyewe wapimane.

Kila kompyuta huwagawia kwa wakati mmoja majirani wachache, wanne katika mpango wa mwanzo, wale wanaoipa yenyewe kwa kasi kubwa zaidi. Hesabu hiyo hurudiwa kila sekunde 10. Anayetoa hupewa, anayebana hubanwa. Kisha, kila sekunde 30, jirani mmoja huchaguliwa kwa bahati nasibu tu, bila kuangalia ametoa nini. Bila nafasi hiyo moja mgeni asiye na kipande hata kimoja angebaki mlangoni milele, maana hana cha kutoa ili apewe.

Kuna na kanuni ya adimu kwanza. Kompyuta huangalia ni kipande gani kinapatikana kwa majirani wachache zaidi, ikakiomba hicho kabla ya vingine. Mwenye faili zima akiondoka ghafla, kuna matumaini kwamba vipande vyake vyote vimeshapata pa kuishi.

Jaribio kubwa lilikuja 2003, mfumo wa Red Hat 9 ulipotolewa na kugawanywa kwa njia hii. Faili lilikuwa la gigabaiti 1.77. Watafiti walioichambua kumbukumbu ya traka yake kwa miezi mitano walihesabu kompyuta zipatazo 180,000, na kati ya hizo 51,000 zilibisha hodi siku tano za kwanza.

Tufanye hesabu. Kama hao 51,000 wote wangelipakua faili zima kutoka seva moja yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, seva hiyo ingefanya kazi usiku na mchana kwa zaidi ya siku 80. Kwa traka, wanaopakua wanazidi na wanaogawa wanazidi pia. Maandishi ya traka yenyewe hayafiki hata chembe ya mzigo uliohama.

Wengine wamelifahamu hilo na wanalitumia. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoko San Francisco, Agosti 2012 iliweka zaidi ya vitu milioni moja vya hazina yake kwenye torrenti, na traka zake yenyewe. Wahandisi wa Twitter mwaka 2010 walieleza kuwa kusambaza programu mpya kwenye maelfu ya seva zao kulikuwa kukichukua dakika 40. Walipoweka traka ndani ya kituo chao na kuziacha seva zigawane zenyewe, ikawa sekunde 12.

Aonyeshaye njia ana kosa?

Turudi Stockholm. Kesi ya The Pirate Bay ilisikilizwa Februari 2009. Siku ya pili tu ya shauri, mwendesha mashtaka aliondoa sehemu ya mashtaka iliyohusu kunakili, akabaki na ile ya kusaidia kuzifikisha kazi za watu kwa umma. Aprili 17, 2009, Fredrik Neij, Gottfrid Svartholm, Peter Sunde na Carl Lundström walihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja na fidia ya pamoja ya kronor milioni 30. Katika rufani mwaka uliofuata, vifungo vya waliofika mahakamani vilipunguzwa, fidia ikapanda hadi kronor milioni 46.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. OiNK, traka ya wanachama ambako kila mtu aliwekewa hesabu ya alichotoa na alichochukua, ilifungwa na polisi Oktoba 2007. Januari 2010 baraza la mahakama huko Middlesbrough lilimwona kijana aliyeiendesha hana hatia ya kula njama za ulaghai.

Wenye kazi zao wana hoja nzito, na sitaki mtu aipuuze. Anayetengeneza filamu hukopa, huuza gari, huwalipa waigizaji kabla ya kupata senti. Hapa kwetu mwenye filamu ya Kiswahili anajua uchungu wa kuikuta kazi yake inapita kutoka flashi hadi flashi wiki ile ile aliyoitoa. Kwake yeye, mwenye kuwaonyesha watu mahali pa kuichukua bure ni mshirika, hata kama mikono yake haijagusa kanda.

Upande wa pili una hoja ambayo nayo ni ya kweli. Traka haioni jina la faili. Muhuri wa Debian na muhuri wa filamu iliyoibwa vinafanana machoni pake, namba mbili kati ya namba nyingi. Ukiing'oa mashine, unawakata wote wawili.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa msimamo Juni 14, 2017, katika shauri la Uholanzi lililoihusu tena The Pirate Bay. Ilisema wanaoendesha jukwaa la namna hiyo, wakipanga torrenti kwa makundi, wakiweka sehemu ya kutafutia, wakifuta zilizokufa, huku wakijua fika kwamba kazi za watu zinapatikana hapo bila idhini, wanazifikisha kazi hizo kwa umma.

> Traka na duka la torrenti ni vitu viwili. Sheria ikivichanganya, Debian itaumia pamoja na mwizi.

Nadhani majaji hao walitazama mahali panapostahili. Hawakuhukumu baiti sita za anwani. Walitazama matendo ya watu: kupanga, kutangaza, kujua. Mtu aliyejenga tovuti, akaipamba kwa filamu mpya na kukusanya fedha za matangazo, hawezi kujificha nyuma ya balozi asiyejua kusoma. Lakini anayeendesha traka tupu, isiyo na ukurasa wa kutafutia wala orodha ya majina, asitiwe kapu moja naye.

Kuna na mdau wa tatu, kampuni za intaneti. Mwaka 2007 iligundulika Marekani kuwa Comcast ilikuwa ikikata kimyakimya mawasiliano ya BitTorrent ya wateja wake. Oktoba mwaka huo shirika la habari la AP lilifanya jaribio lake kwa kugawana Biblia ya King James, kitabu ambacho Marekani hakuna anayekidai hakimiliki, na upakuaji ukakwama. Agosti 2008 mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo aliiamuru kampuni iache. Aprili 2010 mahakama ya rufani ikasema mdhibiti hakuwa na mamlaka hayo. Mteja aliyekuwa amelipia intaneti yake akagawana kitabu halali alibaki katikati.

Printa iliyoshitakiwa

Daftari la balozi lina udhaifu ambao mahakimu wanapaswa kuujua. Yeyote anaweza kulisoma. Ukiiuliza traka ya wazi kuhusu muhuri fulani, inakupa anwani za waliopo, na haikuulizi wewe ni nani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walionyesha mwaka 2012 kuwa mtu akijiunga na torrenti inayopendwa sana, huchukua kama saa tatu tu anwani yake kunakiliwa na wanaofuatilia.

Baya zaidi, yeyote anaweza kuliandika. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walizitumia traka ujumbe wakitaja anwani zisizo zao. Baadhi ya traka ziliandika kama zilivyoambiwa. Punde chuo kikaanza kupokea barua za malalamiko ya hakimiliki, na baadhi ya "watuhumiwa" walikuwa printa za chuo. Mashine za kuchapa karatasi zilituhumiwa kupakua filamu.

Huku kwetu hatari hiyo ina sura nyingine. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa sababu anwani za zamani hazitoshi. Anwani iliyo kwenye daftari la traka inaweza kuwa ya mwanafunzi Mbagala, ya mama lishe Buguruni na ya karani Kinondoni kwa dakika ile ile. Mahakama yoyote itakayopokea anwani hiyo kama ushahidi wa kutosha dhidi ya mtu mmoja itafunga asiyehusika.

Mtaa usio na balozi

Novemba 17, 2009, The Pirate Bay ilitangaza kuizima traka yake moja kwa moja. Haikulazimika kuiwasha tena, ilisema, kwa kuwa watumiaji wanaweza sasa kutafutana bila yake.

Njia hiyo ilitokana na kazi ya Petar Maymounkov na David Mazières wa Chuo Kikuu cha New York, waliyoitoa 2002 kwa jina la Kademlia. Programu za BitTorrent zilianza kuitumia 2005. Kila kompyuta hujipa namba, na namba hizo ni za urefu ule ule wa muhuri wa faili. Kompyuta ambazo namba zao ziko karibu zaidi na muhuri fulani ndizo zinazotunza orodha ya wenye faili hilo. Ukilitaka, unamuuliza jirani unayemjua, anakuelekeza kwa aliye karibu zaidi, naye kwa aliye karibu zaidi, mpaka ufike. Daftari moja limechanwa, kila nyumba ikapewa ukurasa wake.

Inafanya kazi, na ni kazi nzuri. Hata hivyo kompyuta mpya kabisa, iliyowashwa leo, haimjui jirani yeyote. Huanzia kwenye anwani chache zilizoandikwa ndani ya programu, na anwani hizo ni za seva ambazo mtu fulani anazilipia umeme. Mgeni bado anamhitaji wa kumuuliza stendi.

Na kwa wenye mafaili halali, traka ina faida ambayo kurasa zilizotawanyika hazina: mwenye traka anajua ni kompyuta ngapi zina faili zima wakati huu, na anaweza kuchagua ni majirani gani wa kumtajia nani. Hilo la pili ndilo linalonigusa nikifikiria nyumbani.

Na sisi huku?

Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti yetu ya nje ilipita zaidi kwenye setilaiti. Hata meseji ya barua pepe kutoka Upanga kwenda Kariakoo ingeweza kupitia nje ya nchi ikarudi. Ili kuzuia upotevu huo zilianzishwa sehemu za kubadilishana intaneti za ndani. Ya Nairobi, KIXP, ilianza Novemba 2000, ikafungwa na mdhibiti mwezi uliofuata, ikafunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam ikapata TIX mwaka 2004. Kinachopita hapo hakiendi Ulaya.

Traka ya kawaida hutoa majirani kwa kuokota. Mwanafunzi wa Dodoma hupewa watu wa Ujerumani, Urusi na Kanada, wakati mwenzake wa chumba cha pili analo faili lile lile. Traka iliyo nyumbani inaweza kupangwa imtajie kwanza jirani aliye nyuma ya TIX au KIXP.

Fikiria Kiwix, programu inayomwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti. Ni ya thamani kubwa kwa shule zisizo na mtandao. Wikipedia yote ya Kiingereza pamoja na picha ni zaidi ya gigabaiti 100, na wenyewe wanaitoa kwa torrenti pia. Mwalimu mmoja akiivuta kutoka ng'ambo kwa bando lake, atafilisika. Nimewahi kupakua faili kubwa moja kwa moja kwa bando la simu, likakatika likiwa limebakia kidogo, nikaanza upya kutoka sifuri. Kwa torrenti vipande vilivyokwisha kupigwa muhuri havipotei, na shule kumi zikivuta pamoja zinapeana.

Msomaji anayetaka kujaribu ajue jambo moja la fedha. Nipe nikupe inakula bando pande zote. Faili la gigabaiti 4, ukilirudishia wengine kiasi ulichopokea, limetumia gigabaiti 8. Programu nyingi za torrenti zina sehemu ya kupunguza kasi ya kutoa. Ipunguze ukiwa kwenye simu, na uiachie ukiwa kwenye mtandao wa ofisi au chuo ambao umepewa ruhusa kuutumia. Simu iliyo nyuma ya anwani ya pamoja nayo huweza kuwaendea majirani, ila majirani wengi hawawezi kuiendea, na ndiyo maana inatoa kidogo. Kompyuta ya chuo yenye anwani yake yenyewe ina thamani ya simu nyingi katika kundi la wanaogawana faili.

Hivyo ombi langu ni kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika vyuo vikuu vyetu, Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na vinginevyo, na kwa wanaosimamia TIX na KIXP. Wekeni traka moja ya wazi kwa mafaili halali, na pembeni yake kompyuta moja yenye diski ya kutosha isiyozimwa. Programu za traka zinapatikana bure, na mashine ya kawaida ya maabara inamudu kazi hiyo. Anzeni na mafaili mawili, Debian na Wikipedia ya Kiwix, kisha waandikieni wakuu wa shule anwani yake.